Chumvi Inapolia, Angalia na Kabati la Dawa



Majuzi baada ya ibada alinifuata mama mmoja kijana, aliyeolewa hapa Tanga akitokea Dodoma. Baada ya kuniamkia alinipa swali lililonichekesha kidogo. "Mama, chumvi ya huku ina nini? Kwetu kopo la chumvi naliacha wazi mwezi mzima, wala halina neno. Huku nikiiacha siku mbili tu, inalia machozi. Mama mkwe anasema natia kijiko chenye maji." Nilimwambia kwamba mama mkwe hakukosea aliposema chumvi ina maji. Ila aliyeyatia maji hayo si mkamwana wake. Ni hewa.

Swali ni dogo, lakini limenikumbusha jambo ambalo nimekusudia kuliandika kwa muda mrefu, maana liliwahi kunitia aibu katika kazi yangu. Unyevu ule ule unaoliza chumvi jikoni huingia pia katika vidonge tunavyowapa watoto wetu. Chumvi iliyolia tunaiona kwa macho. Kidonge hakilii.

Hewa tunayoivuta ina maji

Hebu tuanze na hewa yenyewe. Hata siku ambayo hakuna mvua wala umande, hewa hubeba maji yaliyogeuka mvuke usioonekana. Joto likifika nyuzi 30, kila mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba takriban gramu 30 za maji kabla haijashiba. Chukua chumba kidogo cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita mbili na nusu. Katika mwezi wa masika hapa pwani, hewa ikiwa imebeba sehemu 80 kwa 100 ya uwezo wake, ndani ya chumba hicho yanaelea maji zaidi ya nusu lita. Umelala nayo usiku kucha, wala hukuyaona.

Sasa, kila kitu kilichowekwa wazi hufanya biashara na maji hayo. Kuna vitu vinavyoyanywa, na kuna vitu vinavyoyatoa. Chumvi iliyo safi kabisa huanza kunywa hewa inapofika sehemu 75 kwa 100. Chini ya hapo hukaa kavu. Chumvi ya mawe inayovunwa baharini mara nyingi haikusafishwa kabisa. Hubaki na magnesiamu kidogo, na chumvi ya magnesiamu ina kiu kali mno: huanza kunywa hewa ikiwa imefikia theluthi moja tu ya uwezo wake. Ndiyo maana chumvi ya mawe hulia kabla ya ile laini ya pakiti. Dodoma wakati wa kiangazi hewa mara nyingi huwa chini ya sehemu 75, basi chumvi ya mwenzetu ilikuwa salama hata bila kifuniko.

Mama yangu alikuwa akitia punje za mchele katika kopo la chumvi, nami nafanya hivyo hadi leo. Mchele mkavu hunywa sehemu ya unyevu badala ya chumvi. Lakini mchele nao hushiba, kwa hiyo uanike juani au uukaange kidogo bila mafuta, kisha uurudishe. Pamoja na hayo, kifuniko kinachobana ndicho dawa kubwa, na si kwa ajili ya usafi peke yake. Chumvi tunayouziwa dukani hutiwa madini joto kwa ajili ya kuzuia uvimbe wa shingo na kulinda ubongo wa mtoto aliye tumboni. Chumvi ikilowa, maji yake huteremka chini ya mfuko pamoja na madini joto. Mama anayeimwaga ile mbichi ya chini anamwaga kile alichokusudiwa kukipata.

Vinavyotoa, na vinavyokunywa hadi kuyeyuka

Wapo wanaofikiri kwamba kitu kikavu hakina maji ndani yake. Sivyo. Chumvi ya haluli, ile waliyotunywesha wazee wetu tumbo likifunga, ni fuwele nzuri zenye kung'aa, nawe ukizishika ni kavu. Lakini nusu ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Iache wazi mahali penye joto na ukavu, itayatoa maji hayo polepole, ing'arike kidogo kidogo na kuwa unga mweupe usiong'aa. Haijaharibika, lakini kijiko kile kile sasa kina haluli nyingi kuliko zamani, maana maji yaliyokuwa yakijaza nafasi yameondoka. Magadi ya kufulia yaliyo katika fuwele kama barafu hufanya vivyo hivyo, nayo yanatoa zaidi, kwa kuwa takriban sehemu 63 kwa 100 za uzito wake ni maji.

Kwa upande wa pili ipo kostiki soda. Hapa naomba akina mama wa vikundi vya sabuni mnisikilize. Kostiki hunywa maji ya hewa hadi inayeyuka yenyewe. Punje iliyoanguka mezani asubuhi ni nyeupe na kavu. Baada ya muda ni tone linaloonekana kama maji. Mtoto hawezi kujua kwamba tone hilo linaunguza ngozi na jicho, na akililamba linaunguza koo. Nimewahi kumpokea mtoto wa namna hiyo, na sitaki kumpokea mwingine. Pima kostiki watoto wakiwa mbali, funga kopo papo hapo, futa meza, kisha mwaga maji mengi. Usiiweke kamwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Mtoto akimeza, usimtapishe. Kimbilia hospitali.

Mtoto aliyerudiwa na kifafa

Nije sasa kwenye aibu yangu.

Mwaka 2009 nilikuwa katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Tulikuwa na mvulana wa miaka 9 mwenye kifafa, aliyekuwa akitumia vidonge vya kabamazepini. Dawa ilimkubali vizuri sana. Miezi minane ilipita bila kuanguka hata mara moja, akarudishwa shule, na mama yake akaanza tena biashara yake ya vitumbua.

Wakati huo vidonge vilitufikia katika makopo ya vidonge 1,000. Tulikuwa tunavihesabu na kuvitia katika vibahasha vya karatasi, na kopo lenyewe lilikaa wazi dirishani tangu asubuhi hadi tunafunga. Mama huyu alikuwa anatoka mbali na nauli ilimshinda, basi nikamhurumia, nikampa dawa za miezi miwili kwa mara moja. Alipofika nyumbani akavimimina katika kopo la majani ya chai, akaliweka kwenye rafu juu ya jiko ili binti yake mdogo asilifikie. Alifanya kama tunavyofundisha kliniki: dawa iwe juu, mbali na mtoto. Lakini chini ya rafu hiyo ndipo sufuria zilipokuwa zikichemka kutwa. Na masika yakaingia.

Kijana akaanguka. Juma lililofuata akaanguka mara tatu. Mama akamleta, nasi tukamwuliza swali tunalouliza siku zote: "Unampa dawa?" Akajibu, "Nampa, asubuhi na jioni, sijakosa hata siku moja." Hatukumwamini. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika kwenye kadi kwamba mgonjwa hatumii dawa ipasavyo. Afisa tabibu akaongeza dozi, wakarudi nyumbani. Kijana akaendelea kuanguka.

Mtaani maneno yakaanza, wengine wakasema ni pepo. Katika kikundi chake cha sala dada mmoja alimwambia achunguze moyo wake kama kuna dhambi aliyoificha. Baada ya hapo hakuonekana tena kwenye sala.

Tulikwenda kumtembelea wanawake watatu wa kanisa, na sukari na sabuni. Hakutulaumu. Aliinuka tu, akalishusha lile kopo, akamimina vidonge kwenye sinia mbele yangu na kuanza kuvihesabu kwa sauti. Hesabu ilikuwa sawasawa na tarehe, bila kuzidi wala kupungua kidonge. Kisha akasema, kama mtu anayetaja jambo dogo tu, "Ila siku hizi vimekuwa vigumu. Zamani nilikuwa navunja nusu kwa mkono, sasa natumia kisu."

Nilichukua vidonge viwili. Kesho yake kazini nilitia kimoja katika glasi ya maji, na katika glasi nyingine nikatia kidonge kutoka kopo jipya lililokuwa limefunguliwa asubuhi ile. Kile kipya kilifumuka na kuwa ungaunga baada ya dakika chache. Cha yule mama kilikaa chini ya glasi kama kokoto. Nilipofunga dirisha la dawa jioni kilikuwa bado kiko vile vile.

Mfamasia mmoja ndiye aliyenieleza, naye hakushangaa hata kidogo. Kabamazepini ikikaa kwenye unyevu hunywa maji ya hewa na kuyafungia ndani ya fuwele zake, kila chembe moja ya dawa na chembe mbili za maji. Fuwele hizo mpya huyeyuka taratibu kuliko za kwanza, na kidonge kizima hukazana. Mtoto anakimeza, lakini dawa inayoingia kwenye damu ni kidogo. Jambo hili lilikuwa limejulikana zamani: mwaka 1990 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba vidonge hivi vikiwekwa penye unyevu vinaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu yake. Mimi nilikuwa nayo diploma yangu, na sikuwa nalijua.

Mama, usidhani hadithi iliishia hapo. Tulimpa kijana vidonge vipya vikavu, ndani ya chupa yenye kifuniko. Sote tulifurahi, tukasahau kwamba dozi ilikuwa imeongezwa wakati wa vile vigumu. Siku ya tatu mama akarudi mbio. Kijana alikuwa anasinzia, anayumba kama mlevi, na analalamika kwamba anaona watu wawili wawili. Dawa ilikuwa imemzidi. Afisa tabibu akarudisha dozi ya mwanzo, na baada ya siku chache akatulia. Kwa hiyo ukigundua kwamba dawa ya kifafa nyumbani kwako imelowa au imekuwa ngumu, usiongeze kidonge kwa kukisia, wala usiiache ghafla, maana kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Peleka vidonge vyenyewe kliniki, uwaonyeshe, na uwaambie dozi iliongezwa lini. Wala si kila anayerudiwa na kifafa kosa ni la unyevu. Mtoto huongezeka uzito akaizidi dozi yake, homa huchochea, na wengine kweli husahau kumeza. Lakini mama akisema ametoa dawa, muuguzi na aanze kwa kumwamini.

Kwenye kadi nilikata ule mstari wangu kwa kalamu nyekundu, nikaandika jina langu pembeni. Kwa mama mwenyewe niliomba radhi. Yule dada wa kikundi cha sala naye alikwenda kuomba radhi, lakini ilichukua muda.

Dawa nyingine zenye kiu

Kabamazepini haiko peke yake. Sodiamu valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ina kiu kuliko hiyo. Kidonge kikitolewa kwenye karatasi yake ya kung'aa na kuachwa wazi, hulainika na kunata. Usivitoe vyote ukavipanga katika kisanduku cha juma zima. Toa kile kinachomezwa saa hiyo.

Aspirini haifichi kosa lake. Ikipata unyevu huvunjika, na moja ya vitu vinavyozaliwa hapo ni ile asidi iliyo katika siki. Ukifungua kopo la aspirini ukasikia harufu ya siki, itupe. Vidonge vya watoto vinavyoyeyushwa kwenye kijiko cha maji, kama zinki ya kuharisha na amoksilini ya kichomi, vimetengenezwa makusudi vifumuke haraka vikikutana na maji, basi hata maji ya hewa huvianzishia kazi kabla ya wakati. Dawa mseto ya malaria nayo ibaki kwenye karatasi yake hadi saa ya kumeza.

Pakiti ya ORS ina historia yake. Zamani ilichanganywa na magadi ya kuumulia mikate. Katika joto na unyevu wa nchi zetu mchanganyiko ule uligeuka kahawia na kuganda ndani ya pakiti, hivyo katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha magadi hayo kwa chumvi ya sitreti inayovumilia zaidi. Ya leo ina jumla ya gramu 20.5 za kuchanganya katika lita moja ya maji. Iliyotoboka na kuwa bonge usiikwangue kijiko kijiko, kwa maana huwezi kujua chumvi imebaki upande gani na sukari upande gani. Chukua nyingine.

Kuna jambo moja nataka kulisema kwa upole. Wapo dada zetu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU ambao huzihamisha kutoka chupa yake na kuzifunga kwenye kitambaa au kipande cha nailoni, kwa kuwa chupa inalia chakachaka kwenye mkoba na mtu atauliza. Nawaelewa. Lakini chupa ile imechaguliwa makusudi kuzuia unyevu. Afadhali uizungushie chupa yenyewe kitambaa au uiviringishe ndani ya kanga, sauti itapungua na dawa itabaki salama. Kama hata hivyo haiwezekani nyumbani kwako, mweleze muuguzi wa kliniki yako, mtafute njia pamoja.

Na kile kifuko kidogo unachokikuta ndani ya chupa ya dawa, chenye punje ngumu kama mchanga mnene, kiache humo humo. Punje hizo huweza kunywa maji yanayokaribia theluthi ya uzito wake, nazo ziliwekwa ili zinywe kabla ya vidonge. Wengine hukitupa wakidhani ni takataka. Wengine, na hili nimeliona kwa mzee mmoja, hudhani ni sehemu ya dozi. Hakiliwi, na mtoto asikichezee, kisije kikamkaba.

Basi dawa zikae wapi? Jikoni hapana, kwa sababu ya mvuke. Bafuni hapana, hata kama nyumba yako ina kabati zuri la kioo pale ukutani. Sijui nani alianzisha desturi hiyo. Dirishani hapana. Friji hapana vilevile, isipokuwa kwa dawa zilizoandikwa hivyo, kwa kuwa kidonge kilichopoa kikitolewa nje hewa hukitolea jasho, kama glasi ya maji ya baridi inavyotoka jasho mezani. Chumba cha kulala kinafaa, ndani ya kabati au sanduku lenye kufuli, juu, mbali na ukuta unaovuja. Chupa ifunguliwe kwa mkono mkavu na ifungwe kabla hujampa mtoto kijiko, si baadaye. Ukipewa vidonge kwenye bahasha ya karatasi, omba chupa au pakiti yake, au siku nyingine nenda na chupa safi iliyokauka kabisa.

Yule kijana sasa ni mtu mzima, fundi wa kushona nguo, na vidonge vyake anavitunza mwenyewe vikiwa kwenye pakiti. Nilipita kwa mama yake kabla ya Pasaka. Kopo lile la majani ya chai bado liko juu ya ile rafu, na siku hizi analiwekea vifungo vya nguo za wateja wa mwanawe.